Tulivyopanda Mlimani na Mjukuu

(Maelezo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10)



Tumepewa dakika chache tueleze safari yetu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine mmeshaisikia sokoni, imetiwa chumvi. Hii ndiyo yenyewe.

Mnakumbuka tulipoanza, mwaka 2015, hisa moja ilikuwa shilingi 500. Noti moja ya siku ile tuliiacha chini ya sanduku iwe kumbukumbu. Mapema mwaka 2025, Benki Kuu ilipotaka noti hizo zirudishwe, mweka hazina alitaka kwenda kuibadilisha. Jamani, tulibishana jioni nzima kwa ajili ya mia tano! Mwishowe ikabaki.

Siku hiyo alikuwapo mjukuu wa mwenzetu, wa miaka mitano, ambaye mia tano anayoijua yeye ni sarafu. Akaigeuza noti, akauliza, "Hii nyumba ya nani?" Akaambiwa ni Ukumbi wa Nkrumah, uko Chuo Kikuu. "Basi twendeni." Tukatazamana. Tunakaa Manzese, si mbali, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga kule.

Mzito zaidi alikuwa bibi yake. Binti yake, yaani mama wa mtoto huyu, alichaguliwa kuingia chuo hicho hicho, ada ikakosekana, nafasi ikapotea. Wakati huo kikundi hakijazaliwa. Tangu hapo mwenzetu hakutaka hata kupita njia ile.

Tukaenda Jumamosi, wanawake wanne na mtoto. Tulishuka daladala Mlimani City, tukaanza kupanda kwa miguu. Getini tulikuwa tumejiandaa kwa maswali, maana sote ni wa darasa la saba. Mlinzi akasema tu, "Karibuni, mama zangu."

Ule mlima ni mlima kweli. Mtoto alitembea vizuri mpaka alipoona tumbili. Akasimama, tumbili naye akasimama, na hapo tukapoteza muda mwingi. Baadaye miguu ikamwisha. Tukambeba kwa kanga mgongoni kwa zamu, kama upatu, na kama kawaida yupo aliyechelewesha zamu yake. Hatumtaji.

Tulipofika Nkrumah, mtoto akainua noti, akatazama huku, akatazama kule. "Kubwa hivi, imeingiaje humu?" Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anapita akacheka, akakaa nasi. Akatueleza kuwa chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kati ya wale 14 mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria.

"Mmoja tu?" akauliza bibi.

Halafu tukakaa nje ya maktaba mpya, ile iliyofunguliwa mwaka 2018, tukihesabu wasichana wanaotoka na mikoba yao. Tukachoka kuhesabu. Ndipo mtoto akauliza, "Bibi, mama alisoma hapa?"

"Alichaguliwa kusoma hapa," akajibu. Hakuongeza neno. Sisi tukatazama pembeni.

Kikao kilichofuata, mwenzetu huyu, ambaye miaka yote hakuwahi kutuomba kitu zaidi ya mkopo wake wa biashara, alisimama akaomba tuanzishe mfuko wa elimu, kila mwanachama shilingi 500 kwa wiki. Wapo waliopinga, nao walikuwa na hoja: mfuko wa jamii peke yake unalemewa na misiba. Tulipiga kura, ukapita kwa kura mbili.

Ombi la kwanza limeshaletwa. Ni la yule binti, anataka kurudi kusoma. Litasikilizwa Jumamosi ijayo, na waliopinga wana haki ya kuuliza maswali yao.

Noti iko mezani hapo mbele. Itazameni, ila msiikunje.