Chai na Managu
Leo tuongee habari ya chai. Majani yake yana flavonoidi, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kujikinga na jua na wadudu. Vitunguu pia vinazo, na ni nzuri. Lakini jamani, ukinywa chai huku unakula managu au maharagwe, hushika madini ya chuma tumboni, damu ikapata kidogo tu. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki hana damu ya kutosha asimeze tembe za kuongeza damu kwa chai! Ameze kwa maji. Sisemi muache chai, hata mimi siwezi. Ingoje kama saa moja baada ya kula. Kwenye managu kamulia limau. Husaidia chuma kuingia.