Masharti Makali ya Nywila katika Seva za Vituo vya Afya: Hali ya Migori na Homa Bay

Mada kwa semina ya maafisa wa TEHAMA na wa kumbukumbu za afya

Nywila ni nini, na kwa nini iwe siri, kila aliyeketi hapa anajua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo tumesomewa mara nyingi: habari za afya ya mtu ni data nyeti. KenyaEMR, mfumo wetu wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, tunauendesha kwenye seva za Ubuntu. Basi niingie kwenye linalonikera.

Anayekagua nywila mpya ya akaunti ya seva ni pam_pwquality. Katika faili la pwquality.conf wengi wetu tumedai herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama, na urefu usiopungua 8. Kisha kwa amri ya chage tukalazimisha nywila ibadilishwe kila siku 30. Mkaguzi akija, tumepita. Sasa jaribuni Gormahia@1968. Ina kila kinachodaiwa, nayo itakubaliwa, kwa sababu kamusi ya cracklib, inayokataa maneno ya kawaida, imejaa Kiingereza. Klabu ya soka ya Gor Mahia, K'Ogalo, haiijui. Nyatike na Kehancha za hapa Migori haizijui. Na tunayemhofia si mdukuzi wa ng'ambo peke yake. Ni jirani anayetaka kujua nani anachukua ARV, na jirani huyo anajua unashabikia timu gani.

Mwezi ukiisha, 1968 inakuwa 1969. Karani akichoka kukumbuka, nywila inabandikwa kwa plasta kando ya skrini, wote wanaingia kwa akaunti moja, na kumbukumbu za mfumo haziwezi tena kuonyesha nani alifanya nini. Akijifungia nje wiki ya ripoti, anampigia simu afisa wa TEHAMA, naye kama root anaweka nywila yoyote, maana root huonywa tu, hazuiwi, mpaka uandike enforce_for_root katika pwquality.conf. (Hapa naona wengine wanatazama sakafu.)

Sisemi tukiuke mwongozo wa wizara. Lakini NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri tangu 2017 kwamba mchanganyiko wa lazima wa herufi na mabadiliko ya kila kipindi viachwe.

Napendekeza: minlen, yaani urefu wa chini, iwe 16, na mtu aruhusiwe kutumia maneno manne yasiyohusiana, ya Kidholuo, Kikuria au Kiswahili. Masharti ya herufi na alama yaondolewe pale tunaporuhusiwa. Majina ya timu, miji, kaunti ndogo na kituo chenyewe yaingizwe kwenye badwords, orodha ya maneno yaliyokatazwa katika pwquality.conf. Nywila ibadilishwe inaposhukiwa kuvuja au mtumishi anapohamishwa, si kwa kalenda. Kila mtumishi awe na akaunti yake, hata wa mkataba wa miezi 3. Enforce_for_root iandikwe leo, si mwaka ujao wa fedha. Na narudia: badwords, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa.

Anayetaka orodha ya maneno ya kuanzia aje na flashi wakati wa chai.