Tukague Malezi Kama Tunavyokagua Mpunga

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Katindiuka, Ifakara)



Leo hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari za mtoto mdogo, yule ambaye bado hajafikia umri wa darasa la awali. Mama yake akienda shamba hawezi kumbeba kila siku. Je, mtoto huyo tunamwacha kwa nani? Na huyo tunayemwachia, analea vizuri? Tutajuaje?

Kila mmoja wetu anaijua hali ya bonde letu. Mvua zikianza, kazi ni mpunga. Tunalima, tunapanda, tunapalilia. Baadaye ndege wanakuja, nasi tunahamia dunguni kulinda. Wapo wanaokwenda na watoto. Wapo wanaowaacha kwa bibi. Na wapo wanaowaacha kwa mama jirani, ambaye anakusanya watoto wa wenzake nyumbani kwake. Mama huyo analipwa fedha kidogo, au anapewa mpunga wakati wa mavuno. Mama lishe, wauza samaki na vibarua nao wanafanya vivyo hivyo.

Jambo hili si baya, wala si geni. Katika miaka ya 1970 vijiji kadhaa vya ujamaa vilianzisha vituo vya kulea watoto mchana, ili akina mama wapate nafasi ya kufanya kazi. Mwaka 1981 Serikali ilitunga sheria ya vituo vya namna hiyo. Kwa hiyo shida si kumwachia mtu mtoto. Shida ni kumwachia mtu mtoto bila kuangalia.

Sasa tuulizane. Tukipeleka mpunga mashineni, tunafanya nini? Tunasimama pale pale. Tunashika punje, tunaangalia chenga, tunaangalia debe lisipunjwe. Hata mbegu ya Saro au Supa hatununui mpaka tumeimwaga kiganjani. Mbona mtoto tunamkabidhi mlangoni, tunageuka, tunakwenda zetu?

KOSA LETU WENYEWE

Tusiwaseme wengine tu. Sisi wenyewe, nyumbani kwetu, tulifanya kosa hilo.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na umri wa mwaka 1 na miezi 3. Sote wawili, baba na mama, tulikuwa kazini. Tulimpeleka kwa mama mmoja jirani. Tuliuliza swali moja tu: shilingi ngapi? Bei ilikuwa nafuu. Tukafurahi.

Siku moja mvua ilinyesha sana, darasa likavunjika mapema. Tukapita kumchukua mtoto kabla ya saa ya kawaida. Tulimkuta amefungwa kanga kiunoni, na ncha ya kanga imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililotuuma zaidi. Mtoto alikuwa amekwisha zoea.

Watoto wengine 10 walikuwa barazani, na mlezi hayupo. Alikuwa amekwenda kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani tulimfokea kwa maneno makali. Yeye alitua ndoo polepole, akasema: "Mwalimu, hapa watoto wako 11, na mimi ni mmoja. Nikimwacha huru anafika kisimani. Mmeniletea mtoto, hamkuniletea hata uji. Hamjaingia ndani ya nyumba hii hata siku moja. Ningefanyaje?"

Tulikosa jibu. Kumfunga mtoto ni vibaya, na tulimwambia hivyo. Lakini maneno yake yalikuwa ya kweli. Tulimfundisha kila mtu kuhesabu, lakini hatukuwahi kuhesabu watoto wa nyumba ile.

MAMBO SABA YA KUANGALIA

Ndugu, ninyi mnajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi itumieni elimu hiyo. Chukueni daftari na kalamu, mwandike mambo haya saba.

Jambo la kwanza: WATOTO WANGAPI? Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Uliza pia wangapi bado wananyonya, na wangapi wanatambaa. Mlezi ana mikono miwili tu. Nyumba ikiungua, au maji ya Lumemo yakifurika, atawabeba wangapi? Huko Uingereza sheria inasema kuwa, kwa kawaida, mlezi mmoja wa nyumbani asilee zaidi ya watoto 6 walio chini ya miaka 8. Kati ya hao, walio wadogo wasizidi 3, na aliye chini ya mwaka 1 awe mmoja. Sisi si Uingereza, lakini mikono ya mlezi ni miwili kule na hapa.

Jambo la pili: MAHALI. Zunguka nyumba. Je, kisima kina mfuniko? Ndoo za maji zimefunikwa? Mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata katika ndoo yenye maji machache. Mafiga yako wapi? Angalia sana chupa. Sisi wakulima tuna tabia ya kuweka dawa ya kuua magugu au mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Akiona chupa ya soda, anajua ni soda.

Jambo la tatu: CHAKULA NA MAJI. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake. Mama akamue, ayafunike vizuri, amwachie mlezi. Wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, pamoja na kunyonya. Wa miezi 9 hadi 23 ale mara 3 au 4. Uji mtupu hautoshi. Utiwe karanga, au mtoto apewe samaki aliyeondolewa miiba, maharage, mboga za majani, papai. Vitu hivi viko hapa hapa kwetu. Uliza pia choo kiko wapi, na kama mlezi ananawa mikono kwa sabuni.

Jambo la nne: USINGIZI. Wanalala wapi? Je, kuna chandarua chenye dawa? Bonde letu lina historia katika jambo hili. Mwaka 1997, katika Wilaya za Kilombero na Ulanga, ulianza mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa vilivyoitwa Zuia Mbu. Watafiti wa hapa Ifakara walihesabu, wakaona kuwa kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliovitumia, kunusurika kifo kuliongezeka kwa asilimia 27. Hizo si hesabu za kutoka mbali. Ni hesabu za watoto wa huku kwetu. Tena jihadharini na usingizi uliozidi. Wapo walezi wanaowapa watoto dawa ya kikohozi ili walale. Hiyo si dawa tena, hiyo ni hatari.

Jambo la tano: MANENO NA MICHEZO. Simama kimya usikilize. Je, mlezi anazungumza na watoto, au anawafokea tu? Anawaimbia? Anawajibu wanapomwita? Ubongo wa mtoto hukua haraka sana katika miaka ya mwanzo, na maneno ni sehemu ya chakula chake. Yawe Kiswahili, Kipogoro au Kindamba, yote ni chakula. Michezo haihitaji fedha. Magunzi, vifuu, mchanga na makopo yasiyo na makali yanatosha.

Jambo la sita: MTOTO AKIUGUA. Mwulize mlezi: "Mtoto akipata homa utafanya nini?" Jibu zuri ni: "Nitakupigia simu, na nitampeleka zahanati leo hii." Jibu baya ni: "Nitangoja uje." Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea bila fahamu, asingojwe mtu yeyote. Akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi na apelekwe apate dawa ya zinki. Namba za simu za wazazi ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Jambo la saba: MLANGO. Je, unaruhusiwa kuja saa yoyote? Mlezi mzuri hana saa ya kukuzuia. Uliza pia nani mwingine anaishi pale au anapita pale mchana: vijana, wapangaji, walevi. Tusione haya kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Yapo mambo wanayofanyiwa watoto ambayo hutendeka kwa sababu watu wazima waliona haya kuuliza.

MTOTO MWENYEWE NI DAFTARI

Baada ya kuangalia nyumba, mwangalie mtoto. Mtoto kulia siku za kwanza ni kawaida, maana hajazoea. Lakini akilia kwa hofu kila amwonapo mlezi hata baada ya majuma kadhaa, ulizeni. Akiwa mkimya kupita kiasi, ulizeni. Akiwa na alama mwilini ambazo hazielezeki, ulizeni upesi.

Kisha soma kadi ya kliniki. Mstari wa uzito unapanda, umelala, au unashuka? Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 upo pia utepe wa kupimia mkono. Sentimita 12.5 au zaidi ni rangi ya kijani. Chini ya hapo hadi 11.5 ni njano, mtoto yuko hatarini. Chini ya 11.5 ni nyekundu, ana utapiamlo mkali, apelekwe zahanati au hospitali mara moja. Mwombeni mhudumu wa afya awaonyesheni. Mtu anayejua namba haupati utepe huu kuwa mgumu.

NA SISI WAZAZI JE?

Sasa tufike kwenye jambo lenye uchungu. Ukaguzi usiwe kama wa polisi. Tukienda kwa mlezi kumtafutia makosa tu, atatuficha, na atakayeumia ni mtoto.

Sisi tuliporudi kwa yule mama kuomba radhi, tulikwenda wazazi sita. Tulikaa mkekani, tukaongea. Tulikubaliana apunguze watoto wawe 5, na kila mmoja wetu aongeze malipo. Akina baba walitengeneza mfuniko wa kisima kwa mbao. Kila mzazi alileta unga, karanga na sabuni kwa zamu. Tulinunua daftari moja. Kila jioni mlezi, ambaye naye alipita kisomo, aliandika mstari mmoja kwa kila mtoto: amekula nini, amelala vipi, ana tatizo gani. Hakufunga mtoto tena kwa kanga.

Tusiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Wazazi wawili waliona malipo yamezidi, wakawahamisha watoto wao kwenye nyumba ya bei rahisi. Hatukuwapenda kwa hilo, lakini tuliwaelewa. Fedha ya kabla ya mavuno ni ngumu. Ndiyo maana tunasema malipo ya mlezi yapangwe mapema, wakati mpunga bado uko ghalani, si baada ya kuuzwa wote. Kama tunaweka gunia moja kwa ajili ya mbegu, tuweke na madebe ya mlezi. Akina baba, jambo hili lisiwe la mama peke yake. Mtoto ni wa wote wawili.

Tena tusimfanye dada yake wa miaka 8 kuwa mlezi. Huyo naye ni mtoto, na mahali pake ni shuleni.

Wenzetu wengine nao wanahangaika na jambo hili. Huko Nairobi lipo shirika linaloitwa Kidogo, linalofanya kazi na akina mama wanaolea watoto majumbani kwenye mitaa ya watu wa kipato kidogo. Badala ya kuwafungia, linawafundisha namna ya kuboresha malezi. Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe. Mlezi anayepokea watoto wengi amwone ofisa ustawi wa jamii aelekezwe. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Kwa hiyo tukienda kuuliza ofisini, hatuendi kuomba hisani. Tunauliza haki ya watoto wetu.

Na kama umeona mtoto anapigwa, anaumizwa au anachezewa vibaya, usingoje kikao. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, ustawi wa jamii au polisi. Ipo pia simu ya watoto, namba 116. Kuipiga ni bure.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wenu ziko nyumba ngapi zinazolea watoto wa watu wengine? Kila moja ina watoto wangapi?
2. Kati ya mambo saba, ni lipi ambalo hujawahi kuliangalia mahali unapomwacha mtoto wako?
3. Mlezi wa watoto 5 apate malipo gani ili naye aishi? Fanyeni hesabu pamoja naye.
4. Ni kazi gani ya mikono ambayo akina baba wanaweza kuifanya juma hili katika nyumba hizo?

Ndugu, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tunaongeza: na umwachiaye amlee, ndivyo akuavyo pia. Kesho asubuhi ukimpeleka mtoto, usiishie mlangoni. Ingia ndani. Salimia. Hesabu. Uliza.