Nguvu ya mota tunapokokota baiskeli ya umeme

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa viongozi wa vikundi vya uzalishaji mali)



Vikundi kadhaa vimetuuliza kama vitumie akiba yao kununua baiskeli za umeme za kubebea maji, ndizi na mboga. Wengi wanauliza mota ina ukubwa gani. Sisi katika ofisi ya miradi tunaomba muulize pia swali la pili: mota hiyo inadhibitiwaje pale mtu anaposhuka na kukokota?

Swali hili linatuhusu sana. Huku kwetu milimani baiskeli yenye mzigo haipandwi, inakokotwa, na mara nyingi anayeikokota ni mama au mzee.

Tuanze na hesabu. Baiskeli yenye madumu matatu ya maji ya lita 20 hufikia kilo 90 hivi. Katika mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, kuisukuma ni sawa na kubeba kilo 9 mkononi bila kuzitua. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, kazi hiyo inahitaji karibu wati 100. Kwa kilomita 6 kwa saa inahitaji karibu wati 150. Kwa hiyo mota ya kawaida ya wati 250 inatosha. Tatizo haliko kwenye ukubwa wa mota.

Tatizo ni namna nguvu inavyotolewa. Baiskeli nyingine hutoa nguvu ileile wakati wote. Nguvu inayofaa mlimani huwa ni nyingi mno pale njia inapokuwa tambarare, na baiskeli humkimbia mwenyewe. Nyingine zina mshiko wa kuzungusha kama wa pikipiki. Anayekokota akiteleza, hushika mshiko kwa nguvu ili asianguke, na kwa kufanya hivyo huongeza mwendo bila kukusudia.

Baiskeli iliyotengenezwa vizuri hudhibiti mwendo badala ya kutoa nguvu moja tu. Kuna kifaa kinachopima mwendo wa mota au gurudumu mara nyingi kwa sekunde. Mwendo ukipungua kwa sababu ya mlima, kidhibiti huongeza umeme, ukizidi, hupunguza. Nguvu huanza taratibu, bila kuruka. Tena kuna kikomo cha umeme, ili gurudumu likikwama kwenye jiwe mota isiungue.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni juu ya jambo hili. Baiskeli ya umeme ya kawaida huko ina mota isiyozidi wati 250, na msaada wa mota hukoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Bila kukanyaga pedali, mota inaruhusiwa kusaidia hadi kilomita 6 kwa saa tu. Ujerumani iliweka jambo hilo wazi katika sheria yake ya barabarani mwaka 2013. Hata hivyo, kilomita 6 kwa saa ni mwendo wa mtu mwenye haraka. Kwa mzee mwenye mzigo, 4 au pungufu inatosha. Muulizeni muuzaji kama kiwango hicho kinaweza kupunguzwa.

Ndugu viongozi, kabla ya kutoa fedha za kikundi, fanyeni majaribio haya:

1. Inueni gurudumu la nyuma, bonyezeni kitufe cha kukokota, kisha kiachieni. Mota izime mara moja.
2. Bonyezeni tena, kisha vuteni breki. Mota ikiendelea kusukuma, msiinunue.
3. Mpeni mama au mzee atakayeitumia aikokote tambarare. Yeye ndiye aseme kama mwendo unamfaa.
4. Pandeni mlima halisi mkiwa na mzigo kamili, kisha mwangalie kwa uangalifu kama mota imepata joto kali.

Kama mota iko katikati, kwenye pedali, nguvu hupitia mnyororo, hivyo wekeni gia nyepesi kabla ya kuanza kupanda. Mkiacha gia nzito, mota itahangaika.

Tusisahau betri. Mota inayozunguka polepole hupoteza umeme mwingi kama joto. Tukichukulia kwamba nusu inapotea, wati 100 za kusukuma zitahitaji wati 200 kutoka kwenye betri. Nusu saa ya kupanda, yaani kilomita 2 hivi, itamaliza zaidi ya robo ya betri ya volti 36 na ampea-saa 10. Pangeni safari mkijua hivyo.

Mwisho, kitufe hiki hakisaidii kuteremka. Kazi hiyo ni ya breki. Na mkisimama katikati ya mlima, shikeni breki kabla ya kuachia kitufe, maana baiskeli inaweza kurudi nyuma na mzigo wake.

Tunaomba kila kikundi kijadili mambo haya kwenye mkutano wake, na watakaokokota wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza.