Utupa Kandokando ya Bustani

Leo nataka tuzungumze juu ya utupa, ule mti mdogo wenye majani membamba yenye vinyweleo, maua meupe au ya zambarau, na maganda yenye manyoya kama ya mbaazi iliyovaa sweta. Wengi wenu mnaufahamu tangu utotoni. Wazee waliutwanga wakamwaga mtoni, samaki wakalewa na kuelea. Uvuvi wa namna hiyo ni kosa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu. Lakini nguvu ile ile inayomlevya samaki ndiyo inayoua vidukari kwenye maharage na kunde zako.

Basi, tuupande vipi? Loweka mbegu usiku mmoja katika maji, kisha uzipande mvua zinapoanza, moja kwa moja shambani, mbili kila shimo, kina kama cha kiungo kimoja cha kidole. Acha hatua moja kati ya shimo na shimo. Utupa mchanga hukua polepole, na magugu yakiuzidi huwezi kuuona tena, kwa hiyo palilia mapema. Mbolea usisumbuke nayo, kwani mizizi yake ina vinundu vinavyokamata naitrojeni kutoka hewani, kama mizizi ya kunde, na majani yanayodondoka hurutubisha udongo.

Sehemu ya kupanda ndiyo ya kufikiria. Usiupande palipokuwa na nyanya au tumbaku, wala pale unapotarajia kuzipanda msimu ujao. Utupa huhifadhi minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wale wanaoifanya mizizi ya nyanya ivimbe vifundo. Unaweza kulinda maharage yako mwaka huu, ukaiangamiza nyanya yako mwaka ujao. Panda mpakani, mbali na kisima, kijito na bwawa. Wengine hudai kwamba unafukuza fuko. Mimi nimeona mashimo ya fuko katikati ya mistari ya utupa, kwa hiyo hilo siwaahidi.

Kuhusu kukata, nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi niliukata chini kabisa kama tunavyokata mibuni iliyozeeka, nikingoja uchipue. Haukuchipua, mstari mzima ulikauka. Chuma matawi ya pembeni tu, shina liache. Hata ukiutunza vizuri, baada ya miaka miwili au mitatu hudhoofika, basi uwe na mingine midogo inayokuja nyuma.

Sasa dawa. Kausha majani kivulini, yatwange, kisha loweka kilo 1 ya unga huo katika maji lita 10 pamoja na kijiko kimoja cha sabuni ya unga. Acha mpaka asubuhi, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jioni jua likishapoa, kwa maana jua huiharibu dawa hii haraka. Ndiyo maana huna budi kurudia baada ya wiki moja wadudu wakionekana tena. Ukitwanga, funga kitambaa puani na mdomoni. Kinu cha utupa kisiwe kinu cha chakula. Usichume mboga kwa siku kadhaa baada ya kunyunyiza, na ukichuma uzioshe vizuri. Nguruwe wako nao wakae mbali, kwani wao hudhurika upesi kuliko mifugo mingine.

Hapa kuna jambo linalowakatisha tamaa watu wengi. Iko mitupa ya aina mbili inayofanana kwa sura, mmoja una sumu na mwingine hauna. Mkulima huchukua mbegu kwa jirani, hutunza mwaka mzima, hunyunyiza, na vidukari vinaendelea kula. Kwa hiyo ujaribu kwanza. Chagua mstari wa maharage wenye vidukari: nusu nyunyiza utupa wenye sabuni, nusu nyingine nyunyiza maji ya sabuni peke yake, maana sabuni nayo huua vidukari kiasi chake. Rudi baada ya siku mbili. Usipoona tofauti, ng'oa mti huo, utafute mbegu kwingine.

Na maji machafu ya bomba? Msimu mmoja nilimfundisha mama mmoja hatua zote hizi, nikasahau hiyo moja. Maharage yake yalipona. Alipomaliza akaenda kusuuza bomba kijitoni, na chini yake kulikuwa na bwawa la perege la jirani. Asubuhi perege walikuwa wameelea matumbo juu. Jirani yule alikuwa akingoja kuwauza anunulie watoto sare za shule. Tulikwenda wawili kuomba radhi, mimi na yule mama, na maneno tuliyoambiwa siku hiyo yalikuwa haki yetu. Tangu hapo, kabla sijamgawia mtu mbegu, humwomba kwanza anionyeshe shimo atakalomwagia masalio, kwenye nchi kavu, mbali na maji.

Mbegu zichume maganda yakigeuka kahawia, kabla hayajapasuka. Anika, pukuchua, zihifadhi katika chupa kavu, na uandike juu yake: SUMU.