Tezi Dume Iliyokua, Tiba ya Mionzi na Mwenendo wa Mkojo: Hoja ya Kupima Kabla ya Kutibu

Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza tatizo moja mahususi katika tiba ya saratani ya tezi dume, nalo ni madhara ya mkojo yanayompata mwanamume anayetibiwa kwa mionzi ilhali tezi yake ilikwisha kukua kupita kiasi kabla ya saratani kugunduliwa. Saratani na ukuaji usio wa saratani ni hali mbili tofauti, lakini hukutana mara nyingi katika mwili mmoja kwa sababu zote huandamana na umri, na zinapokutana, tiba ya moja huweza kuichochea nyingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukubwa wa tezi peke yake hautoshi kumnyima mgonjwa mionzi, wala hautoshi kutabiri mateso yatakayomfika. Kinachotabiri zaidi ni jinsi mkojo ulivyokuwa ukipita kabla ya mgonjwa kulala chini ya mashine kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo, kupima mwenendo wa mkojo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Maumbile na chanzo cha tatizo

Tezi dume hukaa chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya puru, na katikati yake hupita mrija unaotoa mkojo kibofuni hadi nje. Katika ujana ujazo wake ni kama mililita 20, lakini kadiri miaka inavyosonga huweza kufika mililita 60, 100 au zaidi. Mwanapatholojia wa Marekani John McNeal, aliyechambua muundo wa tezi hii katika nusu ya pili ya karne ya 20, alionyesha kwamba imegawanyika katika kanda. Ukuaji usio wa saratani huanzia katika ukanda wa mpito, ambao umeuzunguka mrija wa mkojo, ilhali saratani nyingi, takriban asilimia 70, huanzia katika ukanda wa pembeni ulio karibu na puru. Mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini saratani changa huweza kukua kimya bila kumsumbua mtu anapokojoa, na kwa nini mzee anayeamka mara nne usiku, ambaye mkojo wake hukatikakatika na kudondoka baada ya kumaliza, mara nyingi huwa na tezi iliyokua tu.

Mrija unapobanwa, misuli ya kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, nayo hunenepa, huanza kukaza bila mpangilio na kuleta haja ya ghafla isiyozuilika, na hatimaye huchoka, kiasi kwamba mkojo hubaki kibofuni baada ya mtu kukojoa. Mkojo huo uliobaki, unaoitwa mkojo wa masalio, ni chanzo cha maambukizi na dalili kwamba akiba ya nguvu za kibofu inakaribia kwisha.

Mionzi inavyofanya kazi na inavyodhuru

Kiasi cha mionzi inayofyonzwa na mwili hupimwa kwa grei, yaani nishati ya jouli moja katika kila kilo moja ya tishu. Tiba ya nje ya saratani ya tezi dume kwa muda mrefu ilitolewa kwa grei 74 hadi 78 zilizogawanywa katika vikao vidogovidogo vya takriban wiki nane, ili seli za kawaida zipate nafasi ya kujirekebisha kati ya kikao na kikao. Ugumu ni kwamba mrija wa mkojo umepita ndani ya tezi yenyewe, na shingo ya kibofu imeigusa kwa juu, kwa hiyo hakuna ustadi wa mtaalamu wala wa mashine unaoweza kuziepusha sehemu hizo kabisa.

Madhara ya mapema huanza kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu, hupanda hadi mwisho wa tiba, kisha hupungua polepole katika wiki na miezi michache inayofuata. Utando wa ndani wa mrija na wa kibofu huwashwa, na mgonjwa huhisi kuungua anapokojoa, huenda haja mara kwa mara na mkondo wa mkojo wake hudhoofika. Wakati huohuo tezi yenyewe huvimba kidogo. Kwa mwanamume ambaye njia yake ilikuwa wazi, uvimbe huo ni kero ya kupita. Kwa yule ambaye njia yake ilikwisha kubanwa, uvimbe uleule huweza kuufunga mkojo kabisa, na hapo hulazimika kuwekewa katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, katikati ya tiba.

Madhara ya baadaye hutokana na mchakato mwingine. Miezi au miaka baada ya tiba, mishipa midogo ya damu iliyonururishwa husinyaa, tishu hukosa oksijeni ya kutosha na makovu huchukua nafasi ya misuli laini. Matokeo yake ni kibofu kisichotanuka vizuri, mrija uliopata ufinyu, au utando mwembamba unaotoa damu kwa urahisi. Hali hiyo ya mwisho, uvimbe wa kibofu uletwao na mionzi, hutibiwa kwa kuosha kibofu na kuchoma sehemu zinazovuja damu, na mahali penye vifaa, kwa oksijeni ya shinikizo kubwa.

Tezi kubwa huongeza hatari kwa njia tatu. Kwanza, eneo linalopaswa kunururishwa huwa pana, hivyo sehemu kubwa zaidi ya kibofu hupata dozi. Pili, tezi nyingine huwa na pande la kati lililochomoza ndani ya kibofu, na mnururisho unaolilenga hauwezi kukosa kukigusa kibofu kilicholizunguka. Tatu, wagonjwa wengi huagizwa kunywa maji ili kibofu kijae kila siku kwa kiwango kilekile na sehemu yake ya juu isogee mbali na mionzi, lakini mwenye njia iliyobanwa hushindwa kustahimili, na kibofu chake hubadilika ujazo siku hadi siku.

Ushahidi wa tafiti

Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani isiyosambaa kwa kura katika makundi matatu: upasuaji, mionzi na ufuatiliaji wa karibu. Miezi sita baada ya kuanza, asilimia 46 ya waliopangiwa upasuaji walitumia pedi kwa sababu ya kuvuja mkojo, wakati kwa waliopangiwa mionzi ilikuwa asilimia 5. Dalili za kuziba na kuwashwa ziliongezeka kwa waliopata mionzi katika kipindi hicho, kisha zikapungua. Somo la takwimu hizo ni kwamba kila tiba ina aina yake ya madhara: upasuaji huondoa tezi pamoja na mbano wake lakini huhatarisha uwezo wa kuzuia mkojo, na mionzi huulinda uwezo huo lakini huiacha tezi mahali pake.

Utafiti wa CHHiP, nao wa Uingereza, uliwahusisha wanaume 3,216 na kuonyesha kwamba grei 60 katika vikao 20 hazikuwa duni kuliko grei 74 katika vikao 37, huku madhara ya muda mrefu yakikaribiana. Lakini kufupisha tiba kuna mpaka wake. Katika utafiti wa PACE-B, ambao matokeo yake ya miaka mitano yalichapishwa mwaka 2024, vikao vitano vilidhibiti saratani sawa na tiba ndefu, ila madhara ya mkojo ya kiwango cha wastani au zaidi yaliwapata asilimia 26.9 ya wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 18.3 ya waliopata tiba ndefu. Kwa mwanamume ambaye mkojo wake ulikuwa mgumu tangu mwanzo, tofauti hiyo inastahili kuwekwa mezani kabla ya uamuzi.

Kupima na kuandaa

Upimaji unaohitajika ni mwepesi. Alama ya Kimataifa ya Dalili za Tezi Dume ina maswali saba, kila moja likipewa alama 0 hadi 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni dalili hafifu, 8 hadi 19 ni za wastani, na 20 hadi 35 ni kali. Kasi ya mkojo hupimwa kwa kifaa maalumu, na kilele kisichofika mililita 10 kwa sekunde huashiria kizuizi au udhaifu wa kibofu. Mkojo wa masalio na ujazo wa tezi hupimwa kwa ultrasaundi.

Mwenye dalili za wastani huweza kuanzishiwa tamsulosini, dawa inayolegeza misuli ya shingo ya kibofu. Tiba ya homoni, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari mtafiti Charles Huggins mwaka 1941, hupunguza saratani na pia ujazo wa tezi, mara nyingi kwa robo hadi theluthi katika miezi mitatu, na hivyo eneo la mionzi hupungua. Dawa ya finasteridi nayo hupunguza tezi, lakini hushusha kwa takriban nusu kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kufuatilia saratani hii, kwa hiyo daktari asiyejua kwamba mgonjwa anaitumia huweza kudanganywa na jibu la maabara.

Mwenye kizuizi kikali huhitaji kuchongwa tezi kupitia njia ya mkojo, na hapo mpangilio wa wakati una uzito mkubwa. Kidonda kinapaswa kupona kwanza, kwa wiki sita hadi miezi mitatu, kabla ya mionzi. Kuchonga tezi baada ya mionzi huongeza hatari ya kushindwa kuzuia mkojo, kwa sababu tishu iliyonururishwa hupona kwa shida. Upandikizaji wa mbegu za mionzi ndani ya tezi kwa kawaida huepukwa pale tezi inapozidi sana mililita 60 au dalili zinapokuwa kali.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika nchi za Afrika Mashariki wanaume wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, baadhi wakiwa na katheta tayari, kwa sababu shida ya mkojo huhesabiwa kuwa sehemu ya uzee. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, kwa mfano, hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, na mgonjwa anayezibwa mkojo katikati ya tiba hukatisha vikao alivyovifuata kwa gharama kubwa. Aidha, kichocho cha mkojo, kilichoenea katika Kanda ya Ziwa na maeneo ya pwani, huacha makovu katika kibofu na hutoa damu kwenye mkojo. Kwa hiyo mgonjwa atokaye huko achunguzwe kichocho kabla ya tiba, na damu itakayoonekana baadaye isihukumiwe moja kwa moja kuwa ya mionzi.

Hitimisho

Maswali saba yanayoulizwa kwa Kiswahili fasaha na ultrasaundi ya mkojo wa masalio havihitaji mashine ya mamilioni, na vinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya kabla ya rufaa kuandikwa. Inafaa vyuo vya tiba viwafundishe wahitimu kuandika matokeo hayo katika kila rufaa ya saratani ya tezi dume, na kila kituo cha mionzi kisipange dozi bila kuyaona. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kikao cha kwanza, mkojo wake unapita vipi na nini kitafanyika ukiziba.