Mfereji wa Suez na Watu Walioambiwa Hawawezi



Leo tuzungumze juu ya mfereji. Sisi tukisikia mfereji, tunafikiri ule wa kumwagilia mpunga, ambao mtu anauruka kwa hatua moja. Mfereji wa Suez, huko Misri, una urefu wa kilomita 193 hivi, na meli kubwa hupita humo. Unaunganisha Bahari ya Mediterania na Bahari ya Sham. Kabla ya mfereji huo, meli ya kutoka Ulaya kuja kwetu ilizunguka ncha ya kusini ya Afrika.

Kazi ilianza mwaka 1859, chini ya kampuni ya Mfaransa Ferdinand de Lesseps. Je, waliochimba ni akina nani? Ni wakulima wa Misri, wenzetu wa jembe. Walitolewa vijijini kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, na wengi walikufa. Baadaye kazi ya lazima ilikomeshwa, zikaletwa mashine. Mfereji ukafunguliwa tarehe 17 Novemba, 1869. Lakini faida kubwa ilikwenda kwa wageni wenye hisa.

Tarehe 26 Julai, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser alitangaza kwamba mfereji ni mali ya taifa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mferejini meli haiendi ovyo. Njia ni nyembamba, kwa hiyo meli hufuatana kwa msafara, tena polepole, maana mawimbi hubomoa kingo. Rubani anayeujua mfereji hupanda melini kumwongoza nahodha. Siku zile marubani wengi walikuwa wageni, na mwezi Septemba wengi wao wakaacha kazi. Watu wakasema, "Haya, tutaona! Wamisri hawataweza." Waliweza! Marubani Wamisri, pamoja na wageni wachache waliobaki, walifanya kazi bila kupumzika, na meli zikapita. Wapya nao wakafundishwa.

Baadaye vita viliufunga mfereji, mwaka 1956 hadi 1957, na tena mwaka 1967 hadi 1975. Kila mara ulifunguliwa tena. Mpaka leo ni wa Wamisri.

Nasi tuliposhika kalamu mara ya kwanza, tuliambiwa hivyo hivyo: mtu mzima hawezi. Leo mnasoma gazeti hili wenyewe.

Mkikutana darasani, fungueni ramani ya Afrika. Tafuteni bahari hizo mbili, kisha mwonyesheni jirani ambaye bado hajajiunga na kisomo.